Risasi gani ya kuwindia kulungu? Soma kabla hujatoa hela dukani

Kila ikifika mwezi wa kumi simu yangu haipoi. Vijana wetu wa huku Pennsylvania, mmoja katokea Bukavu, mwingine Tabora, mwingine Mombasa, swali lao ni moja tu: kaka nimenunua bunduki, sasa nichukue risasi gani? Na ukiingia dukani unaelewa kwanini wanauliza. Ukuta mzima ni maboksi, kila boksi lina picha ya kulungu mwenye pembe kama matawi ya mwembe, kila moja linajisifia kuliko jirani yake, na bei zinapishana hata mara mbili kwa kaliba ile ile, yaani saizi ile ile ya bunduki. Mtu anachanganyikiwa anaishia kununua la bei ya juu kabisa akidhani kanunua usalama, au la bei chee kabisa akidhani risasi ni risasi tu. Wote wawili wanaweza kuharibu.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Huyu wa huku nikisema kulungu namaanisha yule mwenye mkia mweupe kwa chini, akishtuka anaunyanyua kama bendera. Sio kulungu wa kwetu wa msituni mwenye pembe za kujipinda ambazo anakufa nazo, huyu pembe zake zina matawi na anazidondosha kila mwaka anaota nyingine. Dume mkubwa wa kaskazini anaweza kupita kilo 100 akiwa hai, ila wengi utakaowaona ni kilo 50 mpaka 80, ngozi yake nyembamba, mbavu zake nyembamba, sio nyati. Hili lishike kichwani maana makosa mengi ya kununua risasi yanaanzia hapo, mtu anajiandaa kama anaenda kupambana na kifaru wakati anamwendea mnyama ambaye uzito wake ni sawa na wa mtu.

Halafu neno lenyewe. Kiswahili chetu kimelibebesha neno risasi mizigo mitatu: kitu kizima unachotia kwenye bunduki ni risasi, kile kinachoruka ni risasi, na yale madini ya kijivu mazito nayo ni risasi. Humu ntasema hivi ili tusipotezane. Kitu kizima ni katriji. Ndani yake kuna ganda, ile fataki ya kitakoni inayogongwa na pini, baruti, na kichwa. Kichwa ndo kinachoruka, na kichwa ndo mada yetu. Nikitaka kusema madini ntasema madini ya risasi.

Uzito wa kichwa huandikwa kwa greni, vipimo vya zamani vya Waingereza, greni 7,000 ndo ratili moja, gramu moja ni kama greni 15 na nusu kasoro. Kwahiyo kichwa cha greni 150 hakifiki hata gramu 10, kama vijiko viwili vya sukari ya chai. Hako kadude ndo kanamlaza mnyama wa kilo 80, kwahiyo ujue sio uzito unaoua. Kinachoua ni tundu linalopita kwenye mapafu na moyo, damu ikatoka haraka, ubongo ukakosa hewa, basi.

Sasa kichwa kina kazi mbili na hizi kazi zinagombana. Kazi ya kwanza ni kufunguka, yaani kikigusa nyama ncha yake ivimbe irudi nyuma kama uyoga, upana uongezeke hata mara mbili, ili tundu liwe kubwa. Kazi ya pili ni kupenya, kiendelee mbele kivuke mnyama mzima kitokee upande wa pili. Kikifunguka sana na mapema kinapoteza nguvu kinaishia juujuu. Kisipofunguka kinapita kama sindano. Kila boksi pale ukutani ni jibu la fundi fulani kwa huo ugomvi, hakuna siri nyingine, na ukilielewa hili hata muuza duka hawezi kukuzungusha.

Niwape la kwangu. Msimu wangu wa kwanza nilinunua maboksi ya kaliba ya .308 ya bei ya kutupa, yale ya kulengea shabaha, kichwa kimefunikwa shaba mpaka kwenye ncha, kinang'aa kama hereni. Mzee jirani yangu, mtu wa miaka 70 na ushee ambaye ndo kanifundisha karibu kila kitu porini, akachukua moja akaizungusha vidoleni akaniuliza, hii unaenda nayo vitani? Nikacheka, yeye hakucheka. Kichwa cha namna hiyo ni cha kijeshi, boksi limeandikwa FMJ. Majeshi yanavitumia kwa sababu azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza risasi zinazofunguka mwilini mwa mtu, kwahiyo vimeundwa makusudi visifunguke. Kwa kulungu inakuwa kinyume cha huruma, kinamtoboa tundu dogo kama la kalamu, anakimbia, analala mbali anakufa polepole na wewe hujamuona. Na sheria ya Pennsylvania kwa kulungu inataka kichwa cha madini ya risasi matupu au kilichoundwa kufunguka, kwahiyo mbali na ubaya wake ningekamatwa na askari wa wanyamapori nikaanza kueleza kwa Kiswahili. Kule nyumbani wawindaji wa wanyama wa ngozi nene, tembo na nyati, wanazo solidi zao zisizofunguka, na huko zina maana kwa sababu kuna mfupa na misuli ya kuvuka. Kulungu hana hivyo.

Upande wa pili wa ubaya ni vichwa vinavyofunguka mno. Kuna vile vya kuulia wanyama wadogo waharibifu, vyepesi, shaba inayovifunika ni nyembamba kama karatasi, vikigusa tu vinapasuka vipande vipande. Na kuna vya mashindano ya shabaha, vina neno Match kwenye boksi, vinapiga karatasi vizuri ajabu mpaka watu wanajidanganya wakaenda navyo porini. Havikuundwa kwa nyama, hujui vitafanya nini: leo vinapasuka, kesho vinapita bila kufunguka. Mwaka mmoja nilibeba kichwa chepesi cha kasi kubwa kwa sababu mtu kanisifia, kulungu akatokea yadi 30 kanipa bega, nikapiga bega. Alianguka pale pale sawa, ila bega lote lilikuwa uji, nyama nyeusi, vipande vya mfupa mpaka shingoni, nilitupa karibu robo ya nyama na mke wangu kaniangalia jikoni bila kusema neno. Ile kimya nilielewa.

Basi katikati ya hayo mawili ndo kuna vichwa vya kuwindia, na viko vya aina kama nne ambazo ukizijua umemaliza ukuta wote.

Aina ya kwanza na ya zamani ndo ya kawaida kabisa: kikombe cha shaba, ndani kimejazwa madini ya risasi, ncha imeachwa wazi ikionyesha ukijivu. Wanaita softi, kwenye boksi utaona SP au PSP au JSP. Remington Core-Lokt imeanza mwaka 1939 na mpaka leo inajaza mifuko ya watu, kuna Winchester Power-Point, kuna Federal Power-Shok, kuna Hornady InterLock ambayo ndani ina pete ya shaba ya kushikilia madini yasichomoke. Hizi ndo za bei nafuu kati ya zile za kuwindia, na niseme ukweli wangu, kwa kulungu wa msituni ndani ya yadi 200 hizi zinatosha, zimetosha tangu babu zao, na mtu akikwambia huwezi kuwinda bila boksi la dola 60 mwambie akununulie yeye.

Ya pili ni zile ambazo madini yamegandishwa na shaba yakawa kitu kimoja, yasiachane hata yakigonga mfupa. Federal Fusion ni mfano, na bei yake haijapanda sana, Nosler AccuBond ni mfano wa bei ya juu kidogo. Humu humu naiweka Nosler Partition ambayo ina historia nzuri: John Nosler alikuwa anawinda mnyama mkubwa aitwaye moose kule British Columbia mwaka 1946, risasi zake zikawa zinapasuka juujuu bila kupenya, akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima inasukuma. Kampuni ikaanza 1948. Kama unawinda pia dubu au unapenda kupiga bega, au bunduki yako ni ya kasi kubwa kama .300 Win Mag, aina hii ndo yako.

Ya tatu ina kincha cha plastiki mbele, chekundu au cha rangi nyingine. Kile kincha kinakata upepo vizuri na kikigonga kinasukumwa ndani kinafungua kichwa haraka. Hapa kuwa makini kwa sababu plastiki inawekwa kwenye vichwa vya kila tabia, vingine laini sana, vingine vigumu, kwahiyo rangi ya ncha haikwambii kitu, soma jina. Hornady SST kwa mfano ni laini, inalaza kulungu haraka, ila ukipiga karibu na kwa kasi kubwa inachafua nyama.

Ya nne ni shaba tupu, hakuna madini ya risasi ndani kabisa, yaani risasi isiyo na risasi, hebu mtafsirie Mmarekani hiyo. Barnes ndo waliozivumisha tangu mwaka 1989, ncha ina tundu, ikigonga inafunguka petali nne kama ua na inabaki na karibu uzito wake wote. Inapenya ajabu. Kwakuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kichwa cha uzito ule ule kinakuwa kirefu zaidi, kwahiyo unashuka uzito: kama kwenye .308 ulikuwa unatumia 150 au 165, kwa shaba chukua 130 na utakuwa sawa. Na inataka kasi ili ifunguke, ntaeleza hapo chini.

Hii ya shaba kuna sababu nyingine ya kuifikiria, nayo ni watoto wako. Madini ya risasi ni sumu mwilini, na kichwa chake kikifunguka kinaacha vipande vidogo vidogo, vingine kama vumbi, vinasambaa kwenye nyama mbali na tundu kuliko jicho linavyoweza kuona. Mwaka 2008 kule North Dakota idara ya afya iliwaambia wanaogawa chakula cha msaada waache kugawa nyama ya kusaga ya kulungu baada ya kuonekana ina vipande hivyo. California walienda mbali zaidi, tangu Julai 2019 ni marufuku kuwinda na risasi yenye madini hayo jimbo zima. Huku kwetu hakuna katazo kama hilo kwa kulungu, ila mimi nikiwa na wajawazito na watoto wadogo nyumbani nilihamia shaba, na kabla ya hapo nilikuwa nakata nyama kwa ukarimu kuzunguka tundu, kiganja kizima na zaidi, natupa. Usisage nyama ya karibu na jeraha, tafadhali.

Tuje kwenye kasi, kitu ambacho watu hawakiangalii na ndo kinaamua kila kitu. Kichwa hakifunguki kwa sababu boksi limesema, kinafunguka kwa sababu kimefika kwa kasi ya kutosha. Softi za kawaida nyingi zinataka kama futi 1,600 mpaka 1,800 kwa sekunde pale zinapogonga. Shaba tupu mimi naiwekea mpaka wangu futi 2,000, ingawa kuna za kisasa zinazofunguka chini ya hapo. Sasa chukua .30-30 ya mzee jirani yangu, kaliba ya mwaka 1895, greni 150 inatoka mdomoni kwa futi 2,390 hivi, ikifika yadi 100 imebaki na kama 1,970, ikifika yadi 200 ni 1,600 tu. Kwahiyo hiyo bunduki ni ya yadi 150 na mzee analijua hilo bila kikokotoo, kulungu akisimama mbali anamwangalia tu anakunywa kahawa yake. Chukua .308, greni 150 inatoka kwa 2,820, yadi 200 bado ina 2,260, yadi 300 ina 2,000. Umeona tofauti. Takwimu za namna hii ziko ubavuni mwa boksi au kwenye tovuti ya mtengenezaji, zitafute, halafu jiulize kulungu wako atasimama wapi. Msitu wetu wa huku wengi wanapiga chini ya yadi 100, miti imebanana, hata ungekuwa na macho ya tai huoni zaidi. Anayewinda mashamba ya mahindi au Texas ni habari nyingine.

Na kinyume chake pia ni kweli: ukipiga karibu sana na kwa kasi kubwa sana kichwa laini kinapasuka. Ndo maana sisi watu wa msituni tunapenda kichwa kizito kidogo cha kasi ya wastani, kinakula nyama kidogo.

Uzito kwa kaliba, haya ndo ninayowaambia watu kwenye simu. .243 chukua 95 mpaka 100, usishuke kwenye zile za 55 au 58, hizo ni za wanyama wadogo. 6.5 Creedmoor ni 129 mpaka 143. .270 ni 130 na hutajuta. 7mm-08 ni 139 au 140. .308 ni 150 au 165. .30-06 ni 150 mpaka 180, ingawa 180 kwa kulungu ni kumpiga mende na mchi. .30-30 ni 150 au 170, zote sawa. Kuhusu .223, kuna majimbo yanairuhusu kwa kulungu na mengine hayataki kuisikia, Pennsylvania inaruhusiwa, mimi kwa anayeanza simshauri kwa sababu haina nafasi ya kukosea. Na kama unahamia jimbo lingine soma kanuni zao upya, Ohio kwa mfano kwa bunduki za mtutu wenye mifereji wanataka katriji zenye ganda lililonyooka, ndo maana utasikia watu wa kule wanaongelea .350 Legend iliyotoka 2019 au .450 Bushmaster.

Jambo la teke. Kichwa kizito na baruti nyingi vinarudisha teke begani, na mtu anayeogopa teke anafumba macho kabla ya kufyatua, anavuta kidole kwa nguvu, risasi inaenda kwenye utumbo. Kulungu aliyepigwa utumbo na .300 Win Mag atateseka usiku kucha, aliyepigwa mapafu na .243 anakimbia hatua 50 anaanguka. Kwahiyo shemeji yangu aliponiuliza bunduki ya kumpa mkewe nilimwambia .243 au 7mm-08, akasema hizo ni za watoto. Mkewe ana kulungu watatu sasa. Shemeji mwenyewe ana darubini iliyompasua nyusi kwa teke.

Usalama, hapa naomba usipite haraka. Moja, kaliba iliyochongwa kwenye mtutu ndo kaliba unayonunua, sio inayofanana. .30-30, .308, .30-06 na .300 Win Mag zote zinarusha kichwa cha upana ule ule wa inchi 0.308 lakini sio kitu kimoja hata kidogo, ukichanganya unaweza kupasua bunduki usoni. Safisha mfuko wa koti lako kabla ya msimu, toa katriji za bunduki nyingine. Mbili, zile bunduki za kuvuta mkono chini, za kikoboi, ambazo katriji zinapangwa kwenye bomba moja nyuma ya nyingine chini ya mtutu: ncha ya huyu inagusa fataki ya mwenzake. Ukiweka kichwa chenye ncha kali na bunduki ikapiga teke, ncha inaweza kuwasha fataki ya mbele. Ndo maana .30-30 huja na kichwa butu, bapa, na ukitaka chenye ncha nunua zile za Hornady LEVERevolution ambazo ncha yake ni laini kama mpira, zimetengenezwa kwa ajili hiyo tu.

Ukishachagua kwa akili, sasa muulize mtutu wako. Kila mtutu una mapenzi yake na haueleweki, bunduki mbili za kampuni moja zilizotoka siku moja, moja inapenda 150 nyingine inapenda 165. Nunua maboksi mawili au matatu tofauti, sio kumi, nenda uwanja wa shabaha, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, piga tatu za aina moja kwenye yadi 100, acha mtutu upoe, piga tatu za aina nyingine. Matundu matatu yakikaa ndani ya inchi mbili inatosha kabisa kwa kulungu, sehemu unayolenga kwenye mapafu ni upana wa sahani ya chakula. Usihangaike kutafuta nusu inchi, hayo ni ya watu wa mashindano. Boksi lililoshinda rudi dukani ununue mengine matatu, na angalia namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi zifanane, utatumia miaka. Halafu rekebisha darubini kwa risasi HIYO. Narudia kwa sababu kila mwaka kuna mtu anarekebisha kwa zile za bei chee halafu asubuhi ya msimu anatia nzuri, kumbe zinagonga inchi tatu pembeni. Ukiwa na .308 greni 150, iache igonge inchi mbili juu kwenye yadi 100, itakuwa katikati karibu na yadi 200, na hapo kati hutakiwi kufikiria chochote, lenga tu.

Kuhusu wapi pa kulenga, kwa kifupi: nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua, akiwa amekupa ubavu au amegeuka kidogo kama anaondoka. Chaguo la risasi linaingia hapa hivi: kama unapiga mbavu tu, softi ya kawaida ndo bora, inafunguka upesi. Kama una tabia ya kupiga bega, chukua iliyogandishwa au shaba. Na wengi wetu tunakaa kwenye kichanja juu ya mti, unapiga kwa kushuka, kwahiyo tundu la kuingilia linakuwa juu mgongoni na damu inajaa kifuani haimwagiki. Unataka kichwa kitokee chini upande wa pili, lile tundu la kutokea ndo litakuchorea njia kwenye majani. Kichwa kinachobaki ndani watu wanakisifia eti kimemwachia mnyama nguvu zote, sawa, ila mfuate wewe saa kumi na moja jioni kwenye mvua bila tone la damu.

Kwa sisi Waislamu, maulamaa wengi wa siku hizi wanakubali mawindo ya risasi kwa sharti la kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, na kwamba kitu kiue kwa kutoboa sio kwa uzito wa kugonga, na kichwa cha rifle kinatoboa, hakuna shaka. Ukimfikia bado ana uhai mchinje, kwahiyo kisu kikali kikae kiunoni, sio kwenye gari. Kwa undani muulize shehe wako, mi sio wa kutoa fatwa.

Na karatasi zako, ndugu. Mwenye green card hana shida kisheria. Ukiwa kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki bunduki na hata katriji moja, isipokuwa uwe na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo, kwahiyo leseni kwanza, dukani baadaye, usigeuze. Asiye na karatasi kabisa asiguse, hiyo ni kesi ya jela na kurudishwa. Huku Pennsylvania leseni inakuja baada ya kozi ya mwindaji, na siku ya kuwinda vaa ile rangi ya machungwa inayowaka, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni kwa pamoja, maana na wewe unatembea msituni kati ya watu wenye boksi zile zile.

Ukishampata, wakati wa kuchuna usiharakishe. Fuata njia ya kichwa kwa kidole: kimeingia wapi, mapafu yamekuwaje, kimetoka au kimebaki chini ya ngozi ya upande wa pili. Ukikikuta kioshe ukipime, mizani ndogo ya greni haina bei. Kama kilikuwa 150 kikabaki 100 na umbo la uyoga, kimefanya kazi yake. Kama umebaki na kikombe cha shaba kitupu na madini yamepotelea nyamani, mwakani panda ngazi moja, nenda kwenye zilizogandishwa. Kama kimetoka na tundu la kutokea ni dogo sawa na la kuingilia, hakikufunguka, ama ulipiga mbali mno ama kichwa ni kigumu mno kwa bunduki yako. Andika kwa kalamu juu ya boksi lenyewe, umbali, pa kugonga, alikimbia hatua ngapi. Yangu ya mwaka juzi imeandikwa "yadi 60, mapafu, hatua 35, imetoka", na boksi lina katriji 17 ambazo sijaona sababu ya kuzibadilisha.